BONASI YA MJOMBA ILIENDA WAPI? Somo Kuhusu Kodi ya Mapato

Najua wengi wenu mlipofungua ukurasa huu mlitarajia shairi au hadithi ya sungura na fisi. Mashairi yako kurasa za mbele, na ni matamu kweli kweli. Mimi mwaka huu nimepewa kurasa za somo, nami nimechagua kodi ya mapato, hasa namna inavyokatwa kwenye bonasi ya mfanyakazi. Tafadhali msikimbie. Wale wa kidato cha tatu na cha nne mtakubaliana nami kwamba hesabu hii tumefunzwa darasani katika Hesabu za Biashara. Lakini tumefunzwa kwa Kiingereza, na katika vitabu vingine vya zamani mishahara imeandikwa kwa pauni za Kenya, pauni moja ikiwa shilingi ishirini. Jamani, ni nani kati yetu aliyewahi kuona mtu akilipwa pauni hapa Thika? Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kupata alama zote katika swali hilo, kisha akirudi nyumbani ashindwe kumweleza mzazi wake karatasi ya mshahara inasema nini.

Kabla ya kuingia katika hesabu, hebu tupatane kuhusu maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Neno bonasi tumelichukua kutoka Kiingereza na sasa ni letu. Wako wanaosema bahashishi, lakini kwa maoni yangu bahashishi ni kile kitu kidogo unachompa mtu aliyekuhudumia vyema, kama mhudumu wa hoteli. Bonasi ni malipo ya ziada ambayo mwajiri humpa mfanyakazi juu ya mshahara, aghalabu mwisho wa mwaka au kazi ikifanikiwa. Tena kuna bonasi ya wakulima. Nyanya yangu anakuza majani chai kule Gatundu, na ifikapo mwezi wa Oktoba utasikia kijiji kizima kikiimba bonasi, bonasi! Hiyo si bonasi ya mshahara. Ni sehemu ya bei ya majani yao waliyokwisha kuyapeleka kiwandani, inayolipwa baada ya hesabu za mwaka kufungwa. Mkulima hana mwajiri katika jambo hilo, kwa hivyo somo langu halimhusu.

Neno jingine ni kodi. Magazeti yetu ya Kenya hupenda kuandika ushuru kwa kila kitu, ilhali ushuru hasa ni ule wa bidhaa, unaotozwa bandarini, mpakani au sokoni. Kile kinachokatwa kwenye mshahara ni kodi ya mapato. Mwenye nyumba naye hudai kodi kila mwisho wa mwezi, hivyo mfanyakazi maskini hana pa kukimbilia: huku kodi na huku kodi!

Sasa tuje kwa mjomba. Mjomba wangu ni mwendeshaji mashine katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mwezi wa Disemba mwaka wa 2024 waliambiwa kwamba wamefanya kazi nzuri na kwamba kila mmoja katika idara yao angepata bonasi ya shilingi 20,000. Nyumbani tulifurahi kupita kiasi. Mjomba alimwahidi mama kwamba 18,000 kati ya hizo zingemaliza salio la karo yangu na la dada yangu, na zile 2,000 zingekuwa za nyama ya Krismasi. Siku ya mshahara ilipofika, akahesabu akakuta kwamba bonasi imemwongezea shilingi 14,216 na senti kidogo tu. Shilingi 5,783 hazikuonekana.

Wenzake wote walikuwa katika hali iyo hiyo, na mara moja lawama zikamwangukia karani wa mishahara. Wengine walisema amekula. Wengine wakasema ati amenunua pikipiki hivi majuzi, sasa ni wazi pesa zilitoka wapi. Kulikuwa na mpango wa kumwendea mkurugenzi kwa kelele ili karani afutwe kazi. Karani huyo ana watoto, na mmoja wao anasoma hapa hapa shuleni petu. Ni dhahiri shahiri kwamba jambo hili halikuwa mchezo. Mtu angepoteza kazi na jina lake kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Jioni hiyo mjomba alitandaza karatasi yake mezani, nami nikachukua daftari. Nitawaonyesha hatua kwa hatua.

Kwanza, je, bonasi inatozwa kodi? Naam, inatozwa. Wafanyakazi wengi hudhani kwamba bonasi ni zawadi, na zawadi haikatwi. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu chake cha 5, inaihesabu bonasi pamoja na mshahara, malipo ya likizo, kamisheni na marupurupu mengineyo kuwa mapato ya ajira. Kwa hivyo mbele ya sheria, shilingi ya bonasi na shilingi ya mshahara ni pacha. Kuna wakati mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwaka wa 2016 ilipitishwa sheria ya kuwasamehe wafanyakazi wa mishahara ya chini kabisa kodi ya bonasi na ya saa za ziada. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2020 ikaufuta msamaha huo. Nadhani hapo ndipo uvumi wa ati bonasi haikatwi ulikozaliwa, kwa sababu wapo wazee wanaokumbuka miaka ile wakadhani bado ipo.

Pili, ni lazima tuijue ngazi ya kodi. Mimi huiita ngazi kwa sababu ina vidato, na mtu huipanda akianzia chini. Nimetumia viwango vilivyoanza Julai mwaka wa 2023, kwa hesabu ya mwezi mmoja:

Shilingi 24,000 za kwanza: asilimia 10.
Shilingi 8,333 zinazofuata, yaani hadi 32,333: asilimia 25.
Zinazofuata hadi kufika 500,000: asilimia 30.
Kutoka hapo hadi 800,000: asilimia 32.5.
Zinazozidi 800,000: asilimia 35.

Vidato viwili vya mwisho tuwaachie wakubwa. Ukishapata jumla ya kodi, unatoa nafuu ya kibinafsi, ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Chunguza vizuri namba hiyo. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 kamili! Hii ina maana kwamba mtu ambaye pato lake linalotozwa kodi halizidi 24,000 kwa mwezi halipi hata senti. Kodi inakuja, nafuu inaifuta.

Angalieni pia kwamba nimesema pato linalotozwa kodi, wala si mshahara wote. Kuna michango inayotolewa kwanza, kama ule wa hazina ya uzeeni, NSSF, kisha kinachobaki ndicho kinachopandishwa ngazi. Bonasi yenyewe pia yaweza kuguswa na michango mingine, lakini hiyo ni habari nyingine na ukurasa wangu ni mmoja. Hapa nafuata kodi peke yake. Kwa mjomba, pato linalotozwa kodi ni kama shilingi 28,000 kwa mwezi, nami nimeondoa senti ili tusichoshane.

Mwezi wa kawaida wa mjomba uko hivi. Zile 24,000 za kwanza zinazaa kodi ya 2,400. Zimebaki 4,000, ambazo ziko katika kidato cha pili, na asilimia 25 yake ni 1,000. Jumla 3,400. Ondoa nafuu 2,400. Anabaki kulipa shilingi 1,000. Kati ya 28,000 anakatwa elfu moja tu, yaani hata shilingi 4 katika kila mia hazifiki. Hayo ndiyo aliyoyazoea miaka yote.

Mwezi wa bonasi pato lake ni 28,000 na 20,000, jumla 48,000. Tupande:

24,000 kwa asilimia 10 = 2,400.00
8,333 kwa asilimia 25 = 2,083.25
15,667 kwa asilimia 30 = 4,700.10
Jumla = 9,183.35
Ondoa nafuu 2,400.00
Kodi ya mwezi = 6,783.35

Sasa toa ile 1,000 ambayo angelipa hata kama hakungekuwa na bonasi. Zinabaki 5,783.35. Ukizitoa katika 20,000 unapata 14,216.65. Ni zile zile alizozipata mjomba, hadi senti! Nikaangalia tena karatasi yake nikaona namba ni hizo hizo. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Yaani karani hajaiba kitu?" Nikamwambia, "La hasha, mjomba. Hapa hajaiba hata peni."

Lakini swali lake la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza, na ndilo ninalotaka mlifikirie. Alisema, "Kama shilingi ya bonasi na ya mshahara ni pacha, mbona mshahara wakatwa 4 kwa mia, na bonasi yakatwa karibu 29 kwa mia? Si huo ni uonevu?" Jibu ni kwamba mshahara ndio uliofika kwanza. Mshahara wake umeshakalia kidato cha chini chenye asilimia 10, na umeshaitumia nafuu yote ya 2,400. Bonasi inapokuja inakuta viti vya mbele vimejaa. Shilingi 4,333 zake zinapata nafasi iliyobaki kwenye kidato cha pili, na zile 15,667 zote zinasukumwa hadi cha tatu. Ni kama matatu ya asubuhi ya kwenda shule: nauli ni ya gari lilo hilo, lakini anayepanda mwisho ndiye hukaa pabaya. Hakuna kodi maalum ya bonasi. Kuna ngazi moja tu, na bonasi hupanda juu ya mabega ya mshahara.

Hapa lazima nipinge uvumi mmoja ambao unawaumiza watu wa mtaa wetu wa Makongeni. Inasemekana kwamba ukiongezwa pesa kidogo ukavuka kidato, basi mshahara wako wote utakatwa kwa asilimia ya juu, na utarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko zamani. Jirani yetu mmoja alikataa kazi za saa za ziada kwa sababu hiyo, ati "nikivuka elfu thelathini na mbili watanimaliza." Huu ni uongo mtupu. Chukua mtu mwenye 32,000. Kodi yake baada ya nafuu ni 2,000. Mwongeze 1,000 awe na 33,000, tayari amevuka. Kodi yake inakuwa 2,283.35. Katika ile elfu moja amekatwa 283.35 na amebaki na 716.65. Ni zile 667 tu zilizovuka mpaka ndizo zilizokatwa kwa asilimia 30. Zile zilizotangulia zimebaki mahali pake. Uvumi ungekuwa kweli, angekatwa asilimia 30 ya 33,000 yote, yaani 9,900, na hata baada ya nafuu angelipa 7,500! Hakuna mfanyakazi ambaye angekubali kupandishwa cheo katika nchi kama hiyo. Nilimwonyesha jirani hesabu hii. Alisema ataifikiria. Watu wazima hawapendi kufundishwa na mtoto wa kidato cha tatu, lakini mwezi uliofuata nilimwona akirudi usiku.

Sasa nafika mahali ambapo mimi mwenyewe nilipigwa na butwaa, na sijui kwa nini jambo hili halitangazwi zaidi. Kodi hukatwa kila mwezi, na mwajiri anatakiwa kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini kodi ya mapato kwa kweli ni ya mwaka mzima. Ngazi ya mwaka ni ile ile ya mwezi ikizidishwa mara kumi na mbili: kidato cha kwanza ni 288,000, cha pili kinafika 388,000, na nafuu ni 28,800. Je, mtu akipata bonasi mwezi mmoja tu, hesabu ya mwezi na hesabu ya mwaka zitakubaliana? Hebu tujaribu kwa mjomba.

Kwa mwaka alipata 28,000 mara 12, yaani 336,000, na bonasi 20,000. Jumla 356,000. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800. Zimebaki 68,000, nazo zote ziko katika kidato cha pili kwa sababu hazijafika 388,000. Asilimia 25 yake ni 17,000. Ondoa nafuu 28,800, kodi ya mwaka ni 17,000. Lakini alikatwa kiasi gani? Miezi kumi na mmoja alikatwa 1,000, ni 11,000, na Disemba 6,783.35. Jumla 17,783.35. Amelipa zaidi ya anavyodaiwa kwa shilingi 783.35! Sababu ni kwamba jedwali la mwezi wa Disemba lilimwona kama mtu wa 48,000, likampandisha hadi kidato cha tatu, ilhali kwa mwaka mzima hakuwahi kufika huko.

Huenda ukasema 783 ni pesa kidogo. Sikiza basi habari ya mwenye mshahara mdogo zaidi. Tuseme mfanyakazi wa kufagia ana 19,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja akapewa bonasi ya 15,000. Miezi mingine yote halipi kodi. Mwezi huo ana 34,000: kodi ni 2,400, na 2,083.25, na 500.10, jumla 4,983.35, ukiondoa nafuu ni 2,583.35. Zinakatwa. Lakini kwa mwaka mapato yake ni 243,000, kodi yake ni 24,300, na nafuu ni 28,800. Hadaiwi chochote! Zile 2,583.35 zote ni zake. Kwa mtu kama huyo hiyo ni sare ya shule ya mtoto, pengine na viatu.

Atazipataje? Mwaka ukiisha mwajiri humpa kila mfanyakazi fomu iitwayo P9, inayoonyesha mapato yake na kodi aliyokatwa mwezi kwa mwezi. Mfanyakazi mwenye nambari ya PIN hutakiwa kujaza ripoti yake ya mwaka kwenye mtandao wa iTax kufikia tarehe 30 Juni. Mtandao huo hufanya hesabu ya mwaka wenyewe, na kama alikatwa kupita kiasi itaonekana, kisha anaomba arudishiwe. Taabu ni kwamba wafanyakazi wengi huenda saiba tarehe 29 au 30 Juni, wanapanga foleni, wanamlipa kijana wa saiba awajazie haraka haraka, na hawaangalii kilichoandikwa. Wengine hata P9 hawajawahi kuisoma. Ni karatasi tu ya kufunikia chini ya godoro. Mjomba alipofika saiba nilikuwa kando yake, na tuliijaza sisi wenyewe. Kijana wa saiba hakufurahi sana.

Jambo la pembeni, kwa wale ambao wazazi wao hupewa unga, mafuta na sukari Disemba badala ya pesa. Vitu visivyo pesa taslimu vina nafasi yake katika sheria. Kwa mabadiliko yaliyoanza mwisho wa Disemba mwaka wa 2024, manufaa ya namna hiyo yasiyozidi thamani ya shilingi 5,000 kwa mwezi hayatozwi kodi. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 3,000. Kwa hivyo kikapu cha Krismasi mara nyingi hufika nyumbani kikiwa kizima, ilhali pesa za thamani iyo hiyo hufika zimemegwa. Mama anasema yeye bado angependelea pesa. Karo hailipwi kwa unga.

Mtauliza karani aliishia wapi. Mjomba aliichukua ile karatasi ya daftari langu akaenda nayo kazini, akamwonyesha mwakilishi wa wafanyakazi, naye akawasomea wenzake wakati wa chai. Wawili watatu hawakuridhika, wakarudia hesabu kwa simu zao, wakapata jibu lile lile. Habari ya kumwendea mkurugenzi ikaisha hapo. Karani alikuwa ametukanwa kwa wiki nzima na hakuna aliyemwomba radhi waziwazi, lakini mjomba alimnunulia soda. Karani naye akamwambia kwamba hata yeye bonasi yake ilikatwa, tena zaidi ya yao, na hakuna aliyemuuliza. Kuhusu karo, mama alilipa 14,000 kwanza, na salio tukalimaliza Februari. Nyama ya Krismasi ilikuwa kuku wa nyanya.

Mwisho, haya hapa maswali mawili ya kujipima. Tumia ngazi ya mwezi niliyoandika hapo juu.

1. Mfanyakazi ana pato linalotozwa kodi la shilingi 26,000 kwa mwezi. Amepewa bonasi ya 10,000. Ni kiasi gani cha bonasi kitakatwa kodi, na atabaki na ngapi?

2. Mfanyakazi mwingine ana 40,000 kwa mwezi. Mwajiri anataka bonasi imfikie mkononi ikiwa shilingi 14,000 kamili baada ya kodi. Aandike bonasi ya shilingi ngapi? (Kumbuka mtu huyu tayari yuko katika kidato cha tatu, kwa hivyo usianze chini.)

Majibu yamebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chama. Atakayepata la pili bila kuchungulia aje aniambie, niko Kidato cha Tatu Mashariki, dawati la pili karibu na dirisha.